Maradhi Yaliyosafiri na Misafara ya Tabora

Mwaka 1857, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walikuwa wakipanda milima ya Usagara kuelekea Unyanyembe walipokutana na msafara ukishuka pwani. Ulikuwa na wapagazi wa Kinyamwezi wapatao 400, wakiongozwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, na ndui ilikuwa ndani yake. Watu 50 walikuwa wamekwisha kufa njiani. Burton aliandika jinsi alivyowaona wagonjwa wakipepesuka, macho yamefumbwa na malengelenge, na akina mama wamebeba mgongoni watoto walioenea vipele mwili mzima. Hawakukubali hata kutoka njiani ili wapishane na wenzao, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na thamani kwao. Aliyeanguka hakuinuka tena. Ndugu hakurudi kumtafuta, na hakuna kijiji kilichomfungulia lango.

Siku chache baadaye ndui ilikuwa imeingia katika msafara wa Burton mwenyewe. Baadhi ya watumwa waliokuwamo walibaki nyuma, na watu waliporudishwa kuwatafuta hawakuona hata alama zao.

Ni rahisi kukisoma kisa hiki na kuwalaumu wanavijiji kwa roho ngumu. Mimi nakisoma vingine. Kijiji kilichofunga lango lake kilikuwa kinafanya jambo pekee lililoweza kukiokoa. Hakikuwa na chanjo wala hospitali, ila kilijua kwa uzoefu mchungu kwamba ugonjwa huu hutoka kwa mtu ukaingia kwa mtu, na kwamba ukishapita lango hautoki mpaka umechukua wenyeji. Madaktari wa Ulaya wa karne hiyo walikuwa bado wanabishana kama magonjwa makubwa huletwa na hewa chafu au na kugusana. Maneno yao ya uambukizo na uchafuzi yalitoka katika mzizi wa Kilatini wenye maana ya kugusa, lakini wengi wao hawakuuamini mzizi huo. Mzee wa kijiji cha Usagara, aliyesimama juu ya ua wa miti akitazama vumbi la msafara, alikwisha kuamini zamani.

Njia yenyewe ilikuwa ya Wanyamwezi kabla haijawa ya mtu mwingine. Wao ndio waliotangulia kuteremka na pembe za ndovu hadi baharini, na Waarabu na Waswahili wakawafuata kupanda bara baadaye. Kufikia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga nyumba Kazeh na Kwihara, katika nchi ya watemi wa Unyanyembe, na ndipo Tabora ya leo ilipokulia. Kutoka Bagamoyo hadi hapo ni kama kilomita 800 kwa mguu. Burton alizitembea kwa siku 134, akaingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857. Misafara iliyokwenda kwa afya na bila ugomvi wa hongo, yaani ushuru wa kupita nchi za watu, ilitumia siku chache zaidi. Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine magharibi hadi Ujiji na, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, hadi Manyema, nyingine kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Mzigo wowote uliotoka pande hizo kwenda pwani, au pwani kwenda pande hizo, ulipumzika Unyanyembe, ukafunguliwa, ukafungwa upya na kupewa wapagazi wengine. Kila ugonjwa nao ulipumzika hapo.

Ndui ilifaa kwa safari ya namna hiyo kuliko maradhi mengine yote. Mtu aliyeambukizwa alikaa siku 12 hivi bila dalili, akila na kucheka na wenzake. Mpagazi aliyekwenda kilomita 15 kwa siku angeweza kuondoka Bagamoyo akiwa mzima wa kuonekana, na homa ikamshika karibu na milima ya Usagara, mbali na watu wake na mbali na anakokwenda. Aliyeambukizwa Tabora na kushuka angelala chini katikati ya Mgunda Mkali, pori lile kavu kati ya Unyamwezi na Ugogo ambalo misafara ililipita mbio kwa hofu ya kiu. Huko hakuna aliyeweza kuwekwa chini akasubiriwa. Maji ya kambi nzima yalikuwa yamehesabiwa, na kirangozi, kiongozi wa msafara, alikuwa amekwisha kupiga ngoma ya kuondoka.

Hapo lazima tuseme nani alikuwa na uchaguzi na nani hakuwa nao. Mpagazi huru wa Kinyamwezi alikuwa na ujira wake, wenzake wa kijiji kimoja na heshima ya kazi iliyomfanya kuwa mwanamume mbele ya watu. Akiugua, ndugu zake wangeweza kugawana mzigo wake na kumchelewesha nyuma wakiwa naye. Mtumwa aliyetoka Manyema na kongwa shingoni hakuwa na mtu. Amekwisha kuvuka nusu ya nchi kwa njaa, analala juu ya udongo mtupu, anakunywa maji baada ya kila mtu kunywa, na thamani yake machoni pa mwenye mali hushuka kila siku anapozidi kudhoofika. Mwili kama huo haupigani na ndui. Wasafiri wengi waliandika juu ya uchafu wa misafara kana kwamba ni tabia ya watu waliokuwamo. Nionavyo, uchafu ulikuwa katika namna walivyosafirishwa.

Kipindupindu kilikuja kwa mwendo mwingine. Pwani ilikwisha kukiona mwaka 1821, tena 1836 na 1837. Burton na Speke waliporudi kutoka ziwani walikikuta kikiua watu Kilwa mwanzoni mwa 1859. Lakini mlipuko uliobaki katika kumbukumbu za njia ya Tabora ni ule wa 1869 na 1870, na tunaujua vizuri kwa sababu ya mtu mmoja aliyejali kuuliza. James Christie alikuwa daktari kutoka Scotland aliyekuwa akitibu watu Zanzibar, katika jumba la Sultani na katika mitaa ya mji. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Kwa kichwa tu, kitabu hicho kilitangaza jambo geni kwa madaktari wa wakati wake: kwamba ataeleza jiografia, makabila na njia za biashara za nchi ambazo ugonjwa ulipitia.

Watu wa Zanzibar walikuwa wamezoea kutazama bahari kila maradhi mapya yalipoingia. Kipindupindu kilifuata meli za Bombay na Maskati, ndivyo ilivyodhaniwa. Christie aligundua kwamba safari hii hakikuja kwa meli. Kilitoka upande wa Bahari ya Shamu na njia za mahujaji, kikashuka bara kupitia nchi za Waoromo na za Wamaasai, kikatokea Pangani na wafanyabiashara waliorudi kutoka Umaasaini. Mwishoni mwa 1869 kilikuwa ndani ya Zanzibar, ambako visima vifupi vilichimbwa karibu na vyoo na makaburi. Kutoka kisiwani kilienea kusini hadi Kilwa na Msumbiji. Mkono wake mwingine ulishika njia ya Bagamoyo, ukapita Ugogo, ukaingia Unyanyembe, ukaendelea hadi Ujiji na kuvuka ziwa.

Christie hakutembea njia hizo. Alizijua kwa kuketi na watu waliozitembea: wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, wenye misafara ya Umaasai, wapagazi waliokuja pwani na habari za vijiji vilivyoachwa. Aliwauliza walikuwa wapi mwezi gani, walikutana na nani, ugonjwa uliwatangulia au uliwafuata. Kutokana na majibu yao alichora mwendo wa kipindupindu kambi baada ya kambi. Kitabu kina jina lake juu ya jalada, nalo ni haki yake. Lakini elimu iliyomo ni ya watu wa njia, na nataka ihesabiwe kuwa yao. Hao ndio waliokuwa na ramani kichwani, wakajua msimu wa kila soko, kisima cha kila kituo na idadi ya siku kati ya kisima na kisima. Daktari aliyeshikilia nadharia ya hewa chafu asingeweza kueleza kwa nini hewa hiyo ilienda kwa kasi ya mpagazi na kupumzika pale alipopumzika. Mtu wa Bagamoyo hakuhitaji kuelezwa.

Na hapa kipo kitendawili kilichonishughulisha sana. Kipindupindu hakisubiri siku 12. Tangu mtu anywe maji yenye vijidudu hadi aanze kuharisha ni saa chache au siku 5 kwa wingi, na asiyetibiwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa mwendo wa kilomita 15, mgonjwa mmoja hawezi kukifikisha kipindupindu hata robo ya njia ya Tabora. Basi kilifikaje Ujiji? Kilifika kwa kupokezanwa. Msafara uliopanda ulikichafua kisima cha Ugogo, na msafara ulioshuka ukateka maji palepale kesho yake. Wenyeji wa hapo walikinywa vilevile, wakakiweka hai mpaka wageni wengine wapite. Ugogo maji yalikuwa machache kiasi cha kununuliwa kwa nguo na shanga, kwa hiyo watu wote, wenye kupanda na wenye kushuka, waliinamia mashimo yaleyale. Pori lenye mito mingi lingewatawanya. Ukame uliwakusanya.

Mbali magharibi, katika kijiji cha Bambarre huko Manyema, mmisionari na msafiri David Livingstone alikuwa amelala na vidonda vya miguu tangu Julai 1870, akingojea watu na bidhaa kutoka Zanzibar. John Kirk, rafiki yake wa zamani aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa Uingereza, alikuwa amemkusanyia wapagazi wakati kipindupindu kikivuma mjini. Kundi la kwanza liliteketea kwa ugonjwa. Watu 10 waliomfikia Livingstone Februari 1871 walimletea habari hizo, na hesabu iliyokuwa imeenea kwamba Zanzibar pekee walikufa watu 70,000. Makadirio ya Christie, aliyekuwa kisiwani akizika wagonjwa wake, yalikuwa pungufu sana ya hapo, ingawa bado yalihesabika kwa makumi ya maelfu. Wapagazi waliokufa wakimpelekea Livingstone nguo na dawa hawatajwi majina katika vitabu vyake. Dunia ilijiuliza miaka mingi Livingstone yuko wapi, na sehemu ya jibu ilikuwa kwamba waliotumwa kwake walikuwa wamekufa njiani kwa kuharisha.

Miaka ya 1890 ilileta mambo mengi kwa pamoja, na mtu wa Unyamwezi aliyezaliwa wakati huo alikua katika mfululizo wa maafa. Sotoka iliingia kutoka kaskazini, na kufikia 1891 ilikuwa imemaliza ng'ombe katika sehemu kubwa ya nchi, kutoka kwa Wamaasai hadi maziwa makuu. Njaa ikafuata, na ndui ikawafuata wenye njaa. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani kwa miaka, alizingirwa katika ngome yake, akawasha baruti ili asikamatwe akiwa hai. Na wakati huohuo miguu ya wapagazi ilianza kuoza kwa mdudu ambaye wazee wao hawakumjua.

Huyo ni funza, ambaye pwani wengine humwita tekenya. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimshusha Ambriz, pwani ya Angola, pamoja na mchanga uliowekwa melini kuwa uzito. Kutoka hapo alivuka bara lote kwa miguu ya watu. Alipanda mto Kongo na misafara, akafika maziwa makuu, na mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alikuta vijiji kusini mwa ziwa Victoria vikiteseka naye. Kabla karne haijaisha alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Miaka 25 hivi ilimtosha kwenda kutoka bahari hadi bahari, mdudu ambaye peke yake hawezi kuruka hata hatua moja ya mtoto. Mahali alipozoeleka watu walijifunza kumchimbua mapema kwa mwiba au sindano. Mahali alipoingia mara ya kwanza hakuna aliyejua la kufanya. Vidole vilikatika, na mpagazi asiye na vidole hakuwa na kazi tena. Watumwa waliofungwa pamoja hawakuwa hata na nafasi ya kuinama na kujitoa.

Papasi yeye hakusafiri mbali, alingoja. Ni kupe laini aishiye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na tembe za Unyamwezi na Ugogo zilimfaa sana. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi katika vumbi, ambako anaweza kukaa muda mrefu sana bila chakula. Homa anayoleta huja, huondoka, hurudi tena baada ya siku kadhaa, na wenyeji waliougua utotoni huwa na kinga kiasi. Mgeni huanguka. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye miaka ya 1883 na 1884 alikuwa amethibitisha kijidudu cha kipindupindu huko Misri na India, alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani akichimba mchanga wa vibanda vya wasafiri kutafuta papasi. Aliwakuta kwenye vituo vya njia za misafara, akaonyesha kwamba jike huurithisha ugonjwa kwa mayai yake, hata kibanda kilichoachwa kikabaki na hatari kizazi hadi kizazi. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi: wasilale katika vibanda vya zamani, wapige hema mbali navyo. Ushauri huo uliwafaa wenye hema. Aliyebeba hema la mwingine ndiye aliyelala kibandani.

Katika habari hizi za kifo yumo mtu ambaye napenda kumtaja kwa jina. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa kuvuka jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre wa Afrika waitwao Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa kama yeye. Mwaka 1888 alipelekwa Zanzibar, akapanda njia ya misafara hadi Karema kwenye ziwa Tanganyika, na hapo alitibu watu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliingia Afrika Mashariki wakati njia ingali inapitisha watumwa, naye alikuwa mtumwa wa zamani mwenye sanduku la dawa. Katika nchi ambayo mgonjwa wa njiani hakuwa na wa kumpokea, wagonjwa wa Ufipa na wa kando ya ziwa walimpata mtu wa kubaki nao maisha yake yote.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Biashara ya mabegani ilikwisha upande wa mashariki karibu mara moja, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikairudisha kwa nguvu na kwa ukatili. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma ya kila jeshi, la Wabelgiji, la Waingereza na la Wajerumani, walitembea wapagazi waliokamatwa vijijini. Wengi mno walikufa, na zaidi walikufa kwa kuharisha, vichomi na homa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka katika kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Miaka ya 1920 ilikuwa zamu ya malale. Nchi iliyopoteza watu na ng'ombe ilikuwa imerudiwa na pori, na pori likarudiwa na mbung'o, nzi aenezaye malale. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu za magharibi kutoka makazi yaliyotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa. Wengi waliokoka na malale. Wengi pia walipoteza mashamba ya babu zao, mizinga yao ya nyuki na makaburi yao, na mapori makubwa ambayo leo msafiri wa treni huyaona kabla na baada ya Tabora yana majina ya vijiji ambavyo havipo.

Mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka tena karibu na mwisho wa njia ya misafara ya Tabora, huko Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikuwa wamelala ufukweni, wakinywa maji ya ziwa lilelile walilojisaidia kando yake. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipandevipande kwa reli inayopita Tabora, ilikwenda na kurudi ikiwabeba hadi Kigoma mjini, ambako walipokewa uwanja wa mpira kabla ya kupelekwa kwa mabasi kambi ya Nyarugusu. Katika wiki chache waliugua watu zaidi ya 3,000, na waliokufa walizidi 30 kidogo. Kwa kipindupindu kisichotibiwa, kati ya wagonjwa mahututi hufa hadi nusu. Wauguzi wa Kigoma na wenzao wa mashirika ya misaada walifanya kazi kwa dripu, kwa maji yenye chumvi na sukari, kwa dawa ya klorini katika matangi, na katikati ya mwaka huohuo wakimbizi wa Nyarugusu wakapewa chanjo ya mdomoni.